Funguo Zimo Kifuani mwa Mama Mkwe

Kabla sijaendelea, niwajibu kwanza wale walionijazia simu ujumbe wiki nzima, wote wakiuliza swali moja: "Kwa nini hukumwambia mama mkwe ukweli tangu siku ya kwanza?"

Hivi nyie mna mama wakwe kweli? Au mnauliza tu kwa kuwa mmekaa na chai zenu na nyumba inayowaka si yenu?

Haya. Kwa aliyechelewa: mimi ni dereva. Bosi wangu alisafiri nje na mkewe, Madam, akaniachia jumba lake nililinde mpaka warudi. Mimi na mke wangu tukahamia chumba cha uani. Siku hiyo hiyo mama mkwe akatutembelea bila taarifa, akanikuta nafungua geti. Akalitazama jumba kuanzia bati mpaka ngazi, akashika kiuno.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umejenga!"

Mwanangu! Mwanamke ambaye tangu nimuoe binti yake alikuwa akiniita "yule dereva," hata mbele yangu. Nikafungua mdomo nimsahihishe, mdomo ukajifunga wenyewe. Sikusema uongo, jamani. Nilinyamaza tu.

Mke wangu alinibana jikoni. "Mwambie leo."

"Nitamwambia kesho."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Mama mkwe alisema magoti yake hayataki ngazi, akachagua mwenyewe chumba cha chini chenye choo ndani, yaani chumba cha Bosi. Picha za harusi za Bosi na Madam niliziwahi, nikazifungia stoo. Iliyonishinda ni ile picha kubwa ya Bosi sebuleni, imekazwa ukutani kwa skrubu. Mama mkwe akaniuliza ni nani huyo anayemtazama akila.

"Mkubwa wangu wa kazi, mama."

"Yaani unamheshimu mkubwa wako kiasi cha kumtundika ukutani?" Akanitikisia kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo maana umefika mbali."

Mlinzi wa getini ana mdomo, kwa hiyo nilimpa likizo mimi mwenyewe. Yale majani ya Bosi mbele ya nyumba, yanayokatwa kwa mkasi na mtu maalumu, mama mkwe aliyang'oa akapanda maharage, akisema ardhi ya mkwe wake haiwezi kukaa bure. Bwawa la kuogelea lilikuwa limekaushwa kwa matengenezo. Akalisifu kuwa ni banda zuri, akatumbukiza humo kuku aliokuja nao. Nao kuku wakaona wamepata nyumba, wakaanza kutotoa.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa sikilizeni ya siku ile.

Mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda kwenye cherehani yake. Nilikuwa koridoni na ufagio simu ikaita. Bosi.

"Uko wapi?"

"Nyumbani kwako, Bosi." Hapo kwenye "kwako" nikashusha sauti.

"Ingia chumbani kwangu. Fungua kabati la Madam, uniambie kama sanduku lake la bluu bado lipo."

Nikatazama mlango wa chumba. Ndani maji yalikuwa yanamwagika na mama mkwe anaimba. Anaoga.

Sasa niambieni nyie wenye ushauri mwingi. Mkwe anaingiaje chumba alicholala mama mkwe wake? Hata moto ukiwaka, unaita mtu mwingine aingie, wewe unabaki nje na ndoo. Nikashika kitasa. Mkono ukakataa kukizungusha.

"Umeingia?" Bosi akauliza.

"Nimeingia, Bosi."

"Lipo?"

Nikafumba macho pale koridoni. "Lipo."

"Una uhakika?"

"Naliangalia hapa, Bosi."

Akashusha pumzi nzito. "Sawa. Sikiliza. Madam akitokea hapo, lile sanduku lisitoke. Na yeye asitoke. Funga geti, kisha unipigie. Umenielewa?"

"Madam? Si mko naye huko, Bosi?"

"Nimekuuliza, umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Simu ikakatwa. Nikabaki na ufagio wangu. Sauti ile ya Bosi ninaijua. Huitumia kwenye kiti cha nyuma akiwa anaongea na mkewe, na huitumia taratibu, bila kupaza.

Niliweka simu kwenye chaji sebuleni, nikatoka kwenda kuwapa kuku maji. Sikufika hata kwenye bwawa. Kengele ya geti ikalia.

Nikafungua mlango mdogo. Madam huyo.

Peke yake, mkoba begani, miwani mikubwa ya jua usoni. Akapita mbele yangu bila neno. Akaona maharage. Akasimama. Akasogea mpaka ukingo wa bwawa, akaona kuku na vifaranga wao wanatembea chini kwenye vigae vyake vya bluu.

Nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga magoti, sioni aibu kuwaambia. "Madam, naomba nikueleze. Ni mama mkwe wangu..."

Madam akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka, mabega yakawa yanatikisika kwa jambo lingine. Akavua miwani ajifute.

Jicho moja lilikuwa limevimba, limefunga.

"Inuka," akaniambia. "Hayo ya kuku sina muda nayo. Nimemkimbia. Kaka yangu yuko njiani, akifika tu naondoka. Nimekuja kuchukua sanduku langu la bluu. Vyeti vyangu vyote vya uuguzi vimo. Bila hivyo sipati kazi, na bila kazi nitarudi kwake kama nilivyorudi safari zilizopita."

"Amepiga simu, Madam. Amesema..."

"Najua atakachosema. Nakuomba kitu kimoja tu. Asijue kuwa nipo hapa. Akijua, sitoki."

Acha niwaambie jambo ambalo hata mke wangu sikuwahi kumwambia. Mimi nilijua. Dereva anajua. Kioo kile cha katikati ya gari hakionyeshi magari ya nyuma peke yake. Nilimwona Madam akijipaka poda shavuni ninapoingia kona, nikamwona akifunga kitambaa shingoni siku za joto kali. Nikaangalia barabara. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza getini kwa mama mkwe, kwa sababu kunyamaza ndiko kulikonilisha.

"Hatajua, Madam," nikasema. "Kwa mdomo wangu, hatajua."

Ninaomba mkumbuke: nilisema kwa mdomo wangu.

Akarudisha miwani usoni, tukaingia ndani. Mama mkwe alikuwa ameshatoka kuoga, amekaa sebuleni chini ya picha ya Bosi. Amevaa gauni la hariri la Madam. Siku zote alidhani nguo za kabatini ni za binti yake, na kwamba tumehamia uani ili kumpisha.

Madam akaliona gauni lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia mama mkwe, macho yakimpanda na kumshuka. "Mkwe wangu, mgeni huyu ni nani?"

"Ni... mtu wa kazini, mama. Anapita tu."

"Karibu, mwanangu. Jisikie uko nyumbani kwa mkwe wangu."

"Ahsante, mama," akasema Madam kwa upole.

Ningekufa pale pale ningeshukuru. Mwenye nyumba anakaribishwa kwake na mtu aliyevaa nguo yake, na anashukuru!

Nikamwongoza Madam jikoni nipate kupanga la kufanya. Akasema anaomba maji. Kabla sijageuka, akanyoosha mkono kwenye kabati la juu, akatoa bilauri, akafungua droo ya tatu akatoa vidonge vya maumivu, akameza.

"Mama akitoka kwenda kwenye maharage yake," nikamnong'oneza, "wewe ingia chumbani uchukue sanduku. Mimi siwezi kuingia alikolala mama mkwe, unaelewa."

"Naelewa." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yakaanza tena. "Sina mwingine hapa. Leo wewe ndiye tegemeo langu."

Nikasikia mtu anakohoa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Akatazama mikono yetu. Akatazama bilauri.

"Anajua bilauri zinakaa wapi," akasema polepole.

"Mama..."

"Mimi nimekaa humu siku zote hizi, mpaka leo natafuta sukari. Huyu ameingia sasa hivi, amenyoosha mkono, ameshika."

"Mama, sivyo unavyofikiri."

"Kwani nimesema nafikiri nini?"

Madam akaona hali imeharibika, akaamua kufanya lililomleta. Akapita, akaenda moja kwa moja chumbani, bila kuuliza ni mlango gani. Tukasikia kabati likifunguliwa. Tukasikia magurudumu. Akatoka anakokota sanduku la bluu, na mkononi ameshika viatu alivyokuja navyo, ameshavaa vingine vya chini kutoka kabatini. Vilimkaa sawasawa.

Mama mkwe akaangalia vile viatu. Akaliangalia gauni alilovaa yeye mwenyewe. Nikamwona anaelewa, na alichokielewa si chenyewe.

"Hizi nguo si za mwanangu," akasema.

Nikanyamaza. Ah, mdomo huu!

"Si za mwanangu! Mwanangu analala chumba cha uani, anashinda kwenye cherehani, na humu ndani umeweka nguo za mwanamke. Kabati zima! Na mimi mtu mzima nimezivaa. Nimelala kitandani kwake!" Akajishika gauni kama linamuunguza. "Na mimi nilisema mkwe wangu amejenga. Kumbe umemjengea huyu!"

"Mama, nisikilize..."

Simu yangu ikaanza kuita sebuleni.

Mama mkwe alikuwa karibu nayo kuliko mimi. Akaichomoa kwenye chaji, akaitazama, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. "Bo-si." Akainua macho kwenye picha ya ukutani.

"Mama, usipokee!"

"Kwa nini nisipokee? Mzazi wako huku mjini ni huyu." Akabonyeza.

Mama mkwe wangu akiongea kwenye simu, huongea kama aliyeko upande wa pili yuko ng'ambo ya mto. Kila neno nililisikia mimi, akalisikia na Madam.

"Haloo! Wewe ndiye mkubwa wake wa kazi? Mimi ni mama mkwe wake... Ndiyo, nipo hapa nyumbani... Baba, nakuheshimu kwa sababu na yeye anakuheshimu, picha yako naiona hapa. Nakusihi umwonye huyu kijana. Ameingiza mwanamke ndani!"

Nikasogea kuchukua simu. Akazunguka nyuma ya kochi.

"Yupo hapa hapa, nimemsimamia. Ana miwani ya jua, ndani ya nyumba! ... Eeh? ... Mweupe kiasi, mrefu. Jicho lina uvimbe, hata miwani haiufichi, sijui kapigana na mke wa nani... Ndiyo, ana sanduku."

Akasikiliza. Akageuka kulitazama sanduku.

"La bluu."

Madam akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale sakafuni, mkono juu ya sanduku lake.

"Sawa, baba," mama mkwe akaendelea, sauti sasa imejaa unyenyekevu. "Sawa. Nitafunga. Hatoki mtu. Mungu akuweke, tungepata watu kama wewe wengi, ndoa za watoto wetu zingepona."

Akakata simu, akaitia mfukoni mwa lile gauni.

"Mkubwa wako ni mtu wa maana sana," akaniambia. "Hakutukana, hakupaza sauti. Amenishukuru. Kumbe ameshatua tangu asubuhi, yuko njiani anakuja kulimaliza hili yeye mwenyewe. Amesema nifunge geti, asitoke mtu."

Funguo zote za jumba lile ziko kwenye kipete kimoja, na kipete hicho huning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Nilikimbia. Naye alikimbia, yale magoti yasiyotaka ngazi yakasahau kabisa ugonjwa wao. Akanitangulia. Akatoka nje, akapitisha mnyororo kwenye geti na mlango wake mdogo pamoja, akabana kufuli, akarudi ananitazama usoni. Kisha akazitumbukiza funguo kifuani, ndani ya lile gauni.

"Haya," akasema. "Njoo uchukue."

Wasomaji, nilisimama mbele ya mama mkwe wangu nikatazama miguu yangu. Ningefanya nini? Ukuta wa Bosi una nyaya za umeme juu. Geti lina mnyororo. Na ufunguo wa mnyororo uko mahali ambapo mkwe haruhusiwi hata kuelekeza macho.

Basi nikasema. Ukweli ambao mlinililia niuseme tangu wiki ya kwanza, nikautoa wote.

"Mama, nyumba hii si yangu."

Akakaza mkono kifuani, juu ya funguo.

"Mimi ni dereva, mama, kama ulivyokuwa ukisema. Nyumba ni ya yule wa kwenye picha, na huyu ni mke wake. Anampiga. Ndiyo maana ya jicho lile. Amekuja kuchukua vyeti vyake aondoke, na wewe umemwita huyo huyo anayempiga."

Mama mkwe akanitazama. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikadhani amenielewa. Moyo ukanitulia kidogo.

"Kweli mwanamke huyu amekushika," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Yaani uko tayari kuikana nyumba yako mwenyewe ili umwokoe! Umsingizie hata mkubwa wako! Mimi nilikuita dereva miaka yote, nikaja kutubu moyoni siku nilipoiona nyumba hii. Leo unanirudisha nilikotoka."

"Mama, haki ya Mungu..."

"Usimtaje Mungu!"

Madam akatoka nje, anakokota sanduku. Ameshavua miwani. Alijikaza, akasimama mbele ya mama mkwe, akaongea kwa adabu kama anaongea na mama yake.

"Mama, anasema kweli. Mimi ndiye mwenye nyumba hii."

Mama mkwe akapiga makofi mara moja, pa!

"Umeshajimilikisha! Mwanangu mwenye ndoa hajawahi kutamka hivyo, wewe umeshakuwa mwenye nyumba!"

"Kuna picha!" nikapiga kelele. "Picha zao za harusi, mama! Nimezificha stoo. Ngoja nizilete uone kwa macho yako."

"Zilete."

Nikageuka mbio mpaka mlango wa stoo. Nikashika kufuli. Nikarudi polepole.

"Mama, naomba ufunguo wa stoo."

Akajipiga kifuani, funguo zikalia humo ndani. "Nikitoa mmoja nimetoa zote. Unaniona mtoto?"

"Basi mpigie mwanao. Mke wangu anajua kila kitu, atakuambia."

"Nimwambie nini mwanangu akiwa kwenye cherehani, ajichome sindano? Hapana. Hili tutalimaliza mimi na mkubwa wako. Mwanangu atalisikia likiwa limekwisha."

Madam akakaa juu ya sanduku lake, kati ya maharage na geti. Kuku walikuwa wanalia kwenye bwawa. Nikachuchumaa karibu yake, lakini si karibu sana, maana mama mkwe alikuwa anapima umbali kwa macho.

"Kaka yako amefika wapi?" nikamuuliza.

"Alisema yuko karibu." Sauti yake ilikuwa imeisha. "Akitangulia yeye, mama atamfungulia?"

"Nitamwambia ni Bosi."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Madam akatabasamu. Tukakaa hivyo, sote watatu tukilitazama geti, kila mmoja akimsubiri mtu wake. Nilikuwa nimeshapanga uongo wangu wa mwisho. Gari likifika, nitasema "Bosi huyo," mama atafungua kwa heshima zote, kaka atamchukua dada yake, na mimi nitabaki nivune nilichopanda. Kazi itakwenda. Heshima ya mkwe imeshakwenda. Lakini huyu atapona.

Honi ikalia nje ya geti.

Madam akasimama wima. "Ni kaka?"

Natamani ningemwambia ndiyo. Lakini honi ile nimeibonyeza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nje ya geti hili hili, asubuhi na jioni. Gari la ofisini. Hakuna lingine linalolia vile.

Mama mkwe alikuwa ameshajifuta machozi. Akajitengeneza gauni, akaingiza mkono kifuani, akatoa funguo.

"Nakuja, baba!" akaita kwa furaha. "Nakufungulia!"

Akaanza kutembea kuelekea getini. Madam hakukimbia, hakulia. Alinigeukia tu akanitazama, kama alivyokuwa akinitazama kwenye kile kioo cha gari miaka yote ile, nami nikiangalia barabara.

Nikaruka maharage. Nikamfikia mama mkwe ufunguo ukiwa umeshaingia kwenye kufuli. Na mimi ambaye tangu nimuoe binti yake sijawahi hata kumpa mkono bila kuinama, nikamkamata mama mkwe wangu kifundo cha mkono. Akapiga yowe. Nje, mlango wa gari ukafunguliwa, na ile sauti ya taratibu ikauliza kuna nini.

Sikumwachia.